Kipa wa Mkopo

Mimi nilikuwa mtunza vifaa wa timu. Maana yake nilifua jezi, nilijaza mipira upepo, nilikaza njumu zilizolegea, na mchezaji akikosa wa kumlalamikia alinilalamikia mimi. Waliniita Babu Sabuni. Nimezunguka sana, nimefanya kazi melini na migodini na kwenye majiko ya hoteli, na kila mahali nilichoka nikaondoka. Pale nilikaa kuliko kwingine kokote, kwa sababu kila wiki kulikuwa na jambo jipya la kugombaniwa. Ninayosimulia niliyaona, au niliyasikia kupitia ukuta wa mbao uliotenga chumba changu cha kufulia na chumba cha wachezaji. Ukuta ule haukuficha hata kikohozi.

Tulikuwa daraja la pili. Mtu akisikia mpira wa kulipwa anafikiria magari ya kung'aa na sura za watu kwenye mabango. Shuka daraja moja tu uone. Beki wetu wa kulia alikuwa fundi wa friji: asubuhi mazoezi, mchana yuko jikoni kwa mtu, kichwa kimeingia ndani ya friji. Uwanja wetu ulikuwa na nyasi upande mmoja na mchanga upande wa pili, kwa hiyo nahodha akishinda kura ya sarafu tulishangilia kama tumefunga. Kanuni inasema mechi haianzi bila gari la wagonjwa kuwapo uwanjani. Gari lenyewe lilikuwa hilohilo moja la mji mzima, na likiitwa kwa mgonjwa wa kweli, refa alikalia mpira, sisi tukakaa chini, wapinzani wakakaa chini, na watazamaji wakamwombea mgonjwa apone haraka.

Na mwisho wa msimu ndipo watu wanapozeeka. Timu mbili za juu zinapanda Ligi Kuu moja kwa moja. Ya tatu inaingizwa kwenye mchujo, inacheza nyumbani na ugenini na timu ya Ligi Kuu iliyoponea chupuchupu kushuka. Anayeshinda anakaa juu, anayeshindwa anakaa chini, na jasho lote la mwaka linaamuliwa hapo.

Kipa wetu aliitwa Komeo. Jina alipewa na mashabiki enzi za ujana wake, alipokuwa hafungiki. Sasa alikuwa mtu mzima, magoti yanalia akipanda ngazi, lakini lango lile lilikuwa lake kama kitanda chake cha nyumbani. Katikati ya msimu akavunjika kidole.

Mwenyekiti akaenda kwa timu moja ya Ligi Kuu kuomba kipa. Timu kubwa zina vijana wanaokalia benchi mpaka wanaota ukungu, na ni kawaida kuwashusha kwetu kwa mkopo wakacheze. Wao wanabaki na mali yao, sisi tunatoa kazi, chakula na malazi. Akaletwa kijana mrefu, mpole, viganja kama makasia. Siku ya kwanza tu winga wetu akauliza, "Huyu ndiye mkopo wenyewe?" Jina likamganda. Hata refa alimwita Mkopo.

Timu haikuwa na hosteli. Kocha akauliza nani ana chumba cha ziada. Aliyeinua mkono, kidole kikiwa bado na bandeji, alikuwa Komeo.

"Aje kwangu," alisema. "Ni wiki chache. Kidole kikipona, anarudi kwao."

Nimeona watu wakikosea kwa kila namna, lakini kumpa kitanda mtu aliyekuja kukalia kiti chako ni kosa la makipa peke yao. Mshambuliaji asingethubutu. Washambuliaji wanatazamana kwa jicho la pembe tangu siku ya kwanza. Makipa wao wanafanya mazoezi pembeni, wawili tu, wanapigiana mipira, wanaazimana glavu, mwisho wanajiona ndugu wa tumbo moja. Wanasahau kwamba washambuliaji wawili wanaweza kucheza pamoja, ila lango ni moja. Kipa wa pili anakaa anasubiri mwenzake aumie, huku anamwombea uzima.

Kidole kikapona. Lango halikurudi.

"Tunashinda, Komeo," kocha alimwambia. "Siwezi kuigusa timu inayoshinda. Nikipoteza mechi moja baada ya kuigusa, watanila mzima."

Komeo akasema sawa. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikasikia hiyo sawa ilivyotoka. Ilitoka kama jino.

Jumapili moja alinialika nyumbani kula. Nilimkuta mke wake anapakua, na mama mkwe wake ameketi kichwani mwa meza. Mama huyu alihamia kwa bintiye alipofiwa na mumewe, na miaka yote hiyo mpira aliuita "hiyo michezo yenu." Siku hiyo alikuwa amejifunga skafu ya timu.

"Kijana amekula?" akauliza, kabla mimi sijavuta kiti.

"Anaoga, mama," mke wa Komeo akajibu. "Namwekea hili paja. Jana aliruka sana, maskini."

Komeo akalitazama paja la kuku likipita mbele ya pua yake, likaenda kutua kwenye sahani isiyo na mwenyewe.

"Na mimi jana niliruka," akasema.

"Uliruka wapi, baba? Wewe si ulikuwa benchi?" mama mkwe akasema. Hakuwa na ubaya wowote, na hapo ndipo palipouma. Mtu mwingine angejibiwa. Mama mkwe hujibizani naye. Komeo akanigeukia mimi na kuniuliza kama chumvi imekolea.

Mkopo akaingia, nywele mbichi, akaamkia kila mtu kwa zamu yake. "Shikamoo mama. Shikamoo babu. Kaka, shikamoo." Kisha akamgeukia mke wa Komeo. "Shemeji, lile bomba la uani nimelikaza. Halidondoki tena."

"Umeona!" mke akasema. "Limedondoka mpaka nikawa nalala kwa kuhesabu matone."

"Nilikuwa nalikaza wiki hii," Komeo akasema.

"Wiki hii ipi, mume wangu? Maana zimepita nyingi zenye jina hilo."

Wote wakacheka. Mkopo hakucheka, aliinama akala. Nadhani alijua. Na Komeo akaona kwamba kijana amemhurumia, na kuhurumiwa kule kukamuuma kuliko kicheko cha wote.

Aliponisindikiza mpaka nje, alishika nguzo ya geti kama mtu mwenye kizunguzungu.

"Babu, angekuwa jeuri ningejua la kufanya. Angeniibia. Angenivunjia hata kikombe. Namtafuta kosa usiku na mchana, hana!"

"Basi mpende."

"Siwezi. Nikimwona amelala mchana moyoni nasema, ona anavyolala, kama kipa namba moja. Nikimsikia anapiga mswaki nasema, ona, na meno yake yote anayo."

"Na wewe yako unayo."

"Mawili yalibaki kwenye mguu wa mtu, Babu, na unajua."

Nilijua. Mimi ndiye niliyeyaokota.

Ligi ikaisha tukiwa wa tatu. Siku ile kocha alitukusanya chumbani, simu yake mkononi, akingoja matokeo ya Ligi Kuu tujue tunapambana na nani kwenye mchujo. Matokeo yakaingia. Kocha akatazama simu, akamtazama Mkopo, akatazama simu tena.

"Ni wa kwao," akasema.

Chumba kikalipuka. Mwenye mali na mkopaji wanakutana! Winga akapiga magoti mbele ya Mkopo. "Tafadhali mkubwa, tuombee muda wa kulipa!" Kicheko kilikuwa bado juu pale mwenyekiti aliposimama mlangoni, uso umemsawijika.

"Hachezi," akasema.

Akaeleza. Kila mkataba wa mkopo una kifungu kinachosema mchezaji hatacheza dhidi ya wenye mali wake. Ni kifungu cha kawaida, kila timu inakiweka. Siku ya kusaini yeye na mwenyekiti mwenzake walikipita wakicheka, kwa sababu timu moja ilikuwa Ligi Kuu na nyingine daraja la pili, watakutana wapi? Mchujo haukumjia mtu akilini. Wao wakubwa wasingeota kufika mkiani namna ile, na sisi wadogo tusingeota kufika juu namna ile.

Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea kona ya Komeo. Yeye alikuwa anafunga kamba za viatu. Alikuwa anafunga kamba zilizokwisha kufungwa.

"Lakini nawaambieni," mwenyekiti akaongeza, akidhani anatia watu moyo, "tukipanda, huyu kijana namnunua moja kwa moja. Wao watakuwa wameshuka, watauza hata milango. Tukipanda, Mkopo ni wetu!"

Wakapiga makofi. Jioni hiyohiyo Komeo akaja kwenye chumba changu cha kufulia, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Umesikia, Babu?"

"Nimesikia. Mechi mbili ni zako."

"Hebu zipige hesabu hizo mechi. Nikicheza vizuri tukapanda, wanamnunua, na mimi nakuwa kipa wa pili mpaka nizikwe. Nikifungwa tukabaki chini, yeye anarudi kwao, na mimi narudi langoni. Nipe jibu. Wewe umetembea."

"Unataka kuachia?"

Aliinuka kwa hasira mpaka ndoo ikalala. "Sijasema naachia! Sijawahi kuachia mpira hata wa watoto barabarani. Ninachosema ni kwamba nikifungwa sitalia." Akaiinua ndoo, akakaa tena. "Wote watalia. Mimi nitajifanya nalia."

Nilimpa glavu zake, nilikuwa nimezianika.

Wiki ile mazoezi yaligeuka. Kawaida kipa wa pili ndiye anayempasha moto kipa wa kwanza, anampigia mipira, anamchosha kwa kiasi. Sasa aliyesimama na mipira alikuwa Mkopo, na aliyesimama langoni Komeo. Kocha alikuwa na mpango mwingine tena. Mkopo alikuwa amefanya mazoezi na wale jamaa muda mrefu, kila penalti yao aliijua. Akamwambia awaigize.

Sikujua kijana ana kipaji kile. Aliigiza yule mrefu wao anayekwenda kwa hatua fupifupi kama anakanyaga makaa, kisha anapiga juu, kushoto kwa kipa. Akaigiza yule wa mguu wa kushoto anayetazama kulia kwa kipa na kupiga kulekule, kwa kuwa anajua humwamini. Akamwigiza nahodha wao, mpaka ule mtindo wake wa kuvuta soksi. Nahodha anakimbia, anasita katikati ya hatua, anangoja kipa aanguke, kisha anausukuma mpira polepole upande ulioachwa wazi.

"Dawa ya huyu, kaka, ni kutotingishika," Mkopo akasema. "Ukisimama tu anachanganyikiwa. Na akichanganyikiwa anapeleka kuume kwako. Kila mara."

Wachezaji walikuwa wanashika mbavu. Komeo hakurukia mpira hata mmoja. Alisimama katikati, mikono kiunoni, akiacha mipira ipite kama abiria asiyetaka basi lile.

"Wewe, unafanya nini?" kocha akafoka.

"Natazama."

"Kutazama kunafundisha nini?"

Komeo akamwendea Mkopo karibu, akasema kwa sauti ya chini, ila mimi nilikuwa naokota mipira nyuma ya wavu.

"Kwa nini unawauza watu wako?"

"Watu wangu gani, kaka? Walinitoa kama baiskeli ya akiba. Nikirudi kule mimi ni kipa wa tatu. Mkipanda nyie, mimi ninacheza Ligi Kuu."

Hakuficha. Nilimheshimu kwa hilo. Komeo akamkazia macho.

"Kwa hiyo nikiokoa, nakuokolea wewe."

Mkopo akaenda kuchukua mpira mwingine.

Mechi ya kwanza, ugenini, ikaisha bila goli. Komeo alicheza kama aliyerudishiwa miaka yake. Alipangua, alidaka, alimtukana beki wake mpaka beki akakaa mahali pake. Mkopo hakuruhusiwa hata kuketi benchi, aliitazama kwenye televisheni pamoja na mama mkwe na mke wa Komeo. Tuliporudi mjini, mke alikuja kumpokea mumewe kwenye basi, akamkumbatia mbele yetu wote.

"Mume wangu, umecheza! Umecheza kama Mkopo!"

Niliiona furaha ikimtoka Komeo usoni kama maji yanavyoishia kwenye mchanga. Mke naye aliona amekosea, ila hakujua ni wapi. "Nimesemaje?" akaniuliza. "Babu, nimesemaje jamani?" Sikumwambia. Mambo mengine ukiyaeleza ndiyo unayaharibu zaidi.

Mechi ya marudiano ilikuwa kwetu. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa shule jirani. Gari la wagonjwa lilikuwapo mapema, dereva wake amevaa kofia ya timu na ameapa hata mkuu wa hospitali akipiga simu hatasikia. Wao wakafunga mapema kwa kona, mpira uliomgonga beki wetu begani ukabadili njia. Sisi tukasawazisha karibu na mwisho, kwa mpira uliopotelea kwenye mchanga mbele ya kipa wao. Mgeni hajui mchanga ule. Ikawa sare ya moja kwa moja. Kwenye mchujo wetu goli la ugenini halihesabiwi zaidi, wala hakuna muda wa nyongeza, mnakwenda penalti papo hapo.

Refa akachagua lango la upande wa mchanga. Nyuma yake kulikuwa na waya, na nyuma ya waya mashabiki wamebanana, na katikati yao, mrefu kuliko wote, Mkopo, amevaa kandambili na fulana ya nyumbani. Niliweka chupa za maji pembeni ya nguzo nikabaki pale, hakuna aliyenifukuza. Mtunza vifaa ni kama nguzo nyingine.

Akaja yule wa hatua fupifupi. Mimi nilijua anapiga wapi, mashabiki walioambiwa na Mkopo walijua, na Komeo alijua. Komeo akaruka kulia. Mpira ukaingia juu, kushoto. Akaja wa mguu wa kushoto, akatazama kulia, akapiga kulia. Komeo akaruka kushoto. Nyuma ya waya watu wakaanza kuguna. "Si ulisema kulia?" mmoja akamfokea Mkopo. Mkopo alikuwa ameuma kidole.

Mimi nilielewa. Komeo hakuwa anaachia, maana aliruka kwa nguvu zake zote, alianguka mpaka mchanga ukamwingia masikioni. Ila hakutaka kuokoa mpira aliofundishwa na yule. Alikuwa anatafuta wa kwake mwenyewe.

Na akaupata. Mpigaji wao mmoja alikuwa mgeni, amesajiliwa baada ya Mkopo kuondoka, hakuna aliyejua anapiga vipi. Komeo akamtazama kiuno, akaruka, akaupangua kwa ngumi mbili. Uwanja ukanyanyuka. Komeo akageuka, hakutazama jukwaa, hakumtazama mke wake wala kocha. Alimtazama Mkopo kupitia waya, akajigonga kifua mara moja, kama anasema, huyu je, huyu ulinifundisha?

Lakini na sisi tulikosa mmoja, winga aliupaisha ukaangukia shuleni. Zikaisha zile za kawaida tuko sawa, tukaingia kwenye moja moja, anayekosa anakufa. Kwetu akaenda fundi wa friji. Akapiga kama anafunga mlango wa friji, bila mbwembwe. Goli.

Kwao akaja nahodha.

Sasa hapo kila mtu alijua. Nahodha akikosa, tumepanda. Tukipanda, Mkopo ananunuliwa. Nilimtazama Komeo akirudi langoni kugusa mwamba wa juu, kama wafanyavyo makipa. Alipogeuka aliganda kidogo, akitazama nyuma ya waya. Siku nyingine aliniambia aliona nini, nami naandika kama alivyosema.

"Yule mtoto alikuwa ameshainama, Babu. Goti limekunjwa, mikono wazi, macho kwenye mpira. Amevaa kandambili, na anaokoa penalti yangu. Watu wamempisha nafasi aruke! Mimi ndiye niliye langoni, na watu wanampisha yeye. Moyo uliokuwa unaniambia acha ipite, mrudishe kwao, moyo huohuo ukapiga kelele, hapana. Lango achukue msimu ujao. Huu mpira hauchukui. Nikifungwa, atasema angeuzuia. Hata asiposema. Nitamwona mezani kila siku ambayo bado hajaondoka, anakula, anajua kwamba angeuzuia."

Nahodha akavuta soksi. Akakimbia. Akasita.

Komeo hakutingishika.

Nimesimama kwenye sitaha kabla ya dhoruba na sijaona kimya kirefu kama kile. Nahodha alikuwa na mguu hewani, anangoja kipa aanguke, na kipa haanguki. Mguu ukakosa la kufanya. Akausukuma mpira kuume kwa Komeo, na Komeo akaufuata, akalala nao kifuani, akaukumbatia mchangani kama mtu atakayenyang'anywa.

Waya ulianguka. Mashabiki waliingia wote, nikaokoa chupa mbili tu. Walimbeba Komeo mpaka katikati, glavu moja ikapotea na sikuiona tena. Juu ya mabega ya watu alikuwa anacheka na kulia, na hakuwa anajifanya.

Chumbani hapakuwa na pa kukanyaga. Maji, povu, watu wanaimba juu ya madawati. Mwenyekiti akaingia, tai imehamia mgongoni, sauti imekauka.

"Nimemaliza nao huko nje! Hawana nguvu ya kumkatalia mtu leo. Kijana ni wetu! Mkopo si mkopo tena!"

Wakamvuta Mkopo ndani, wakamnyanyua. Waliombeba Komeo muda si mrefu uliopita ndio hao hao waliombeba Mkopo, na sidhani kama waliona ajabu yoyote. Wimbo haukubadilika, jina tu.

Komeo alikuwa ameketi na glavu yake moja. Akangoja wimbo uishe.

"Kocha," akasema. "Huko juu, nani anasimama langoni?"

"Leo ni siku ya furaha, Komeo."

"Nimefurahi. Nani anasimama?"

Kocha akajikuna shingo. Angeweza kusema uongo wa namna yoyote na angesamehewa. "Kambi itaamua," akasema. "Nitawatazama wote wawili, kisha nitaamua."

"Wote wawili." Komeo akaliviringisha neno mdomoni. "Hilo nalichukua." Akamgeukia Mkopo aliyekuwa bado mabegani mwa watu. "Shuka. Njoo hapa."

Mkopo akashuka. Wengine walidhani watapigana.

"Kesho utafute chumba," Komeo akasema.

"Kaka." Uso wa kijana ukamshuka. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea! Ungenikosea ningekusamehe, tukaishi. Sikiliza. Ninakuonea wivu tangu siku ile nilipopona. Leo nimeuona wivu wenyewe ukiruka. Nimeupenda. Nataka niende nao kambini, nikuonee wivu kazini, kisawasawa, mpaka mmoja wetu akae chini. Lakini siwezi wakati unaniamkia kila asubuhi na kunisogezea sukari. Unanilegeza."

Mtu akacheka, mwingine akamnyamazisha. Mkopo akaanza kutabasamu upande mmoja, tabasamu ambalo sikuwahi kuliona kwake, tabasamu la mtu ambaye naye ana meno.

"Sawa, kaka. Nitakukalisha chini."

"Jaribu."

"Lakini mama je? Nitamwambia nini mama?"

Hilo Komeo hakuwa amelifikiria. Nilimwona akiiwaza meza ile, sahani ile, mama mkwe na skafu yake akiuliza kijana yuko wapi, na nani kamfukuza.

"Mwambie ni kanuni ya Ligi Kuu," akasema. "Makipa wawili hawaruhusiwi kulala nyumba moja."

"Ataamini?"

"Usimwambie mimi nimesema. Mwambie wewe," Komeo akasema, akaanza kuvua glavu kwa meno. "Wewe anakuamini kila kitu."